Namchora Wangu

Jumatatu, tarehe 4 Mei

...na ndiyo maana nasema uongo mdogo wa mapenzi si uongo, ni sukari tu. Tena sikuupanga. Ulinitoka.

Wangu alipiga simu jioni akiwa amesimama juu ya rundo la kokoto. Kule wanakojenga daraja mtandao haupatikani ila juu ya kokoto. Akaniuliza nafanya nini saa hizi peke yangu. Ningemwambia ukweli? Kwamba nimekaa kitandani navitazama viatu vyake vya harusi? Bi harusi wa juzijuzi hasemi hivyo. Nikasema nachora. Akasema hakujua kama najua kuchora. Nikasema tangu shule! Akauliza nachora nini. Nikasema, wewe, laazizi. Picha kubwa ya uso wako, nimeitundika sebuleni, inanitazama nikila.

Kimya. Nikadhani kokoto zimemporomosha. Kumbe analia! Fundi wa kuchomelea vyuma, mabega kama mlango, analia juu ya kokoto kwa ajili yangu. Akasema hajawahi kuchorwa na mtu. Akasema Ijumaa ya wiki ijayo lori la vyuma linatoka hapa mjini kwenda kambini kwao, nimpe dereva hiyo picha. Anataka kuona mke wake anamwonaje.

Nikasema haina shida.

Sijawahi kuchora hata yai.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Mungu hamtupi mja wake! Leo naosha kikombe (vikombe viwili, huwa naosha na chake ili kisijisikie vibaya), redio ikasema baada ya taarifa ya habari ya mchana kuna kipindi cha kujifunza kuchora. Kila siku ya kazi. Kuchora redioni! Nikakaa chini na sabuni mikononi.

Mwalimu ana sauti ya asali. Anasema kuchora si kipaji, ni mazoezi, kama kukanda unga: mkono usiokanda kila siku hauwezi kukanda siku ya wageni. Zoezi la leo, mistari. Mistari iliyonyooka, kisha miduara, ukurasa mzima, bila rula. Miduara yangu ilianza kama viazi, ikaishia kama viazi vilivyomenywa. Mwisho akasema, sasa inua karatasi yako uitazame kwa mbali. Nikaiinua mbele ya redio. Akasema, vizuri sana.

Alisema hivyo hivyo, vizuri sana. Siku ya kwanza!

Nilikuwa na hamu ya kumsimulia mtu. Nikawaza nani. Nikakisimulia kikombe.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Leo zoezi la ajabu. Mwalimu kasema tuchague kiti kilicho mbele yetu, lakini tusichore kiti. Tuchore nafasi tupu zilizo kati ya miguu ya kiti, na kati ya mgongo na kikalio. Tukichora utupu vizuri, kiti kitajitokeza chenyewe. Akasema: chora unachokiona, usichore unachokijua.

Mimi ninachokiona ni kiti cha Wangu. Kiti kingine sina, kilichobaki nimekikalia. Kina mguu mmoja aliouzungushia waya asubuhi ya siku aliyoondoka, wiki moja tu baada ya harusi, akisema atauchomelea vizuri akirudi. Basi nikachora utupu. Utupu wa chini. Utupu wa pembeni. Ule wa juu, pale anapokaa mtu, ulinichukua muda mrefu, maana ndio mkubwa. Redio ilishamaliza kipindi, ikaingia matangazo ya mbolea, mimi bado nachora.

Kidogo macho yakaniwasha. Vumbi la penseli.

Zoezi halina maana kwa kweli. Mimi nataka uso, huyu ananipa kiti. Lakini nimevumilia, mwanafunzi hamfundishi mwalimu.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Zoezi: chora mkono wako bila kutazama karatasi hata mara moja. Wifi akaingia bila kubisha, kama kawaida yake. Wifi ni dada mkubwa wa Wangu. Anauza dawa duka la kona ya barabara kuu na huja kunikagua kama mimi ni kopo lililokaribia kuharibika. Akaokota karatasi.

“Wifi, hii tangawizi unaipeleka wapi?”

Nikamwambia ni mkono. Akauliza wa nani, na ulipatwa na nini, na kama walifika hospitali.

Nikacheka naye. Mapenzi yananifanya niwe na subira. Tena nilikuwa na mpango. Albamu ya harusi anayo yeye, nyumbani kwangu hakuna picha hata moja. Alizokuwa akinitumia Wangu kutoka kazini ziliniponyoka simu ilipoingia kwenye ndoo, na hata hizo zilikuwa na kofia ya chuma ya kuchomelea, unaona kioo cheusi tu. Nikamwomba wifi albamu kwa siku mbili. Akasema albamu ni ya familia. Nikasema nami si familia? Akasema familia ndiyo, lakini familia ya mikono yenye penseli. Nikitaka kuiona niende kwake, nioshe mikono, nikae pale pale kwenye kochi.

Mwanamke huyu ana roho ya kufuli.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Mwalimu kasema sasa tumekomaa (siku ya nne tu!), tutafute mtu hai tumchore kila siku, mtu yule yule, mpaka mkono umjue bila kuambiwa na macho. Mtu hai nimtoe wapi? Humu ndani hai ni mimi na nzi.

Nikashuka chini. Chini ya ngazi zetu kuna fundi cherehani, mzee mwenye masikio mapana na nyusi kama brashi za viatu. Ana sifa moja kubwa: anakaa. Asubuhi yupo, jioni yupo. Nikamwomba nimchore. Akasema, bi harusi, nichore tu, ila kipara ukifunike. Nikamwambia mwalimu amekataza kuchora kisichoonekana. Akasema mwalimu huyo hana mke bila shaka.

Nikamchora mpaka akafunga duka. Tulizungumza sana. Yeye alizungumza, yaani. Mke wake alifariki zamani, na mpaka leo akishona gauni la kijani hulitundika mbele kidogo kabla ya kulikunja. Nikasema, pole mzee. Akasema, geuza shingo kule, unanizibia mwanga.

Nimepanda juu nikiwa na furaha bila sababu. Kisha nikafungua mlango.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Jana na leo, fundi tena. Leo hakuwa na kazi, lakini alifungua duka akakaa, akasema anafagia. Nimemchora akiwa amevaa miwani, akiwa ameivua, akishona kifungo, akisinzia. Masikio yamenyooka. Nyusi nazichora sasa nikiwa nimefumba macho. Mkono wangu umekuwa na akili!

Wangu hakupiga. Labda kokoto zimetumika kwenye zege.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Mbinu mpya ya redio: miraba! Unachukua picha, unapiga juu yake mistari ya miraba, unapiga miraba ile ile kwenye karatasi, kisha unanakili mraba mmoja mmoja. Hata mtoto anaweza. Hapo hapo umeme ukakatika na redio ikanyamaza, lakini nilishaelewa.

Kilichobaki ni picha. Nikaenda kwa wifi nimebeba keki ya kununua. Nikaosha mikono mbele yake. Akanifungulia albamu, akawa anazigeuza kurasa yeye mwenyewe, harakaharaka, kama mhasibu. Kumbe picha za Wangu ni chache kuliko nilivyodhani! Kuna aliyofumba macho. Kuna aliyopiga chafya. Kuna ambayo ameinama kunifunga kamba ya kiatu, kinaonekana kisogo tu, na hiyo ndiyo niipendayo zaidi. Iliyo safi ni moja: tumeketi kwenye viti vya maharusi, anatazama mbele, anatabasamu kama aliyesamehewa.

Wifi akaenda jikoni kukata keki. Nikaichomoa. Ikaingia kifuani, upande wa moyo, mahali pake halisi.

Si wizi. Mume ni wangu.

Jumanne, tarehe 12 Mei

Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilipiga miraba juu ya picha. Kwa rula na kalamu ya wino, mistari mizuri kweli, nikajisifu. Kisha umeme ukarudi, kipindi kikaanza, na mwalimu akasema angependa kurudia jambo moja muhimu la jana: kumbukeni, miraba inapigwa kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini, iliyolazwa juu ya picha. Kamwe si kwenye picha yenyewe.

Nikamtazama Wangu. Alikuwa ametulia nyuma ya nondo za wino kama mfungwa asiye na wakili.

Nikapiga moyo konde. Nikachukua dawa ya kufutia rangi ya kucha na pamba. Wino ukatoka! Nikashangilia. Pamba ikapita shavuni, wino ukatoka. Ikapita kwenye pua, wino ukatoka, na pua ikatoka. Nilipoinua mkono, bwana harusi alikuwa suti, tai, na mahali pa uso wingu jeupe. Mimi kando yake natabasamu, nimelishika mkono wingu.

Sikula. Nimekiweka kikombe chake kabatini, kisinione.

Jumatano, tarehe 13 Mei

Basi nitamchora kwa kumbukumbu. Nani amjue kuliko mimi? Nimefumba macho nimwite.

Alikuja mkono wake kwanza, kidole gumba chenye alama ya moto, kikizungusha kifuniko cha birika. Nikasubiri. Ikaja harufu yake akitoka kazini, chuma kilichoungua na sabuni ya kufulia. Kikaja kisogo chake alipoinama kwenye kiatu changu. Ikaja sauti yake ya kuniita, mama, njoo uone, kwa jambo dogo tu, mjusi dirishani. Vyote vikaja, vikakaa, vikajaa chumba.

Uso haukuja.

Nilifumbua macho, nikafumba tena. Nikajaribu kumkabili ghafla, kama mtu anayefungua mlango kumshtua mwizi. Akageuka. Nikajaribu macho peke yake. Mdomo peke yake. Nilipopata mdomo macho yalikwenda. Nikajiuliza ana ndevu kidogo au hana. Mume wangu. Sijui kama ana ndevu kidogo.

Nilitaka kumuuliza mtu. Wifi? Nimwambie nini, wifi, niambie mume wangu anafananaje?

Redio ilikuwa inazungumza. Ilisema vizuri sana. Nikaizima.

Alhamisi, tarehe 14 Mei

Amekuja! Amekuja! Ee moyo, tulia niandike.

Karatasi zilikuwa zimekwisha, nikachukua ile ya kiti nikaigeuza upande wa pili. Nikakumbuka maneno ya mwalimu: mkono ukizoea, uachie. Nikauachia. Sikufikiri kabisa. Mkono ukaenda wenyewe, paji la uso, shavu, sikio, ukarudi, ukatia kivuli chini ya jicho. Nikawa nautazama kama ninavyotazama mkono wa mtu mwingine. Na pale kwenye karatasi akatokea mwanamume hai! Mpole, macho yamechoka kidogo, amenivumilia. Nikahisi namjua miaka mingi. Kama hayo si mapenzi, ni nini?

Nimembusu. Penseli imeniganda mdomoni. Nimekitoa kikombe kabatini.

Jumamosi, tarehe 16 Mei

Jana dereva wa lori aliichukua picha, nimeiviringisha na kuifunga utepe wa harusi. Aliniuliza ni ramani? Nikamwambia ni roho. Akaiweka nyuma ya kiti chake.

Leo nimekamilisha jambo la pili. Kwa kuwa mkono sasa unamjua Wangu, nimeichukua ile picha ya harusi na pale kwenye wingu nimemrudishia uso kwa penseli laini, mdogo kama ukucha. Kazi ya kifundi! Nikaenda kwa wifi kumsalimu. Kuingia, albamu mezani. Kutoka, picha mahali pake. Hakuna aliyeumia.

Nilipopita chini ya ngazi fundi aliniita, akasema siku kadhaa hizi sijashuka, kulikoni. Nikapunga mkono nikapanda. Sina haja tena ya kumchora, maskini.

Jumapili, tarehe 17 Mei

Wifi amekuja. Amebisha hodi. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Akakaa, akafungua mkoba, akaweka picha mezani, akaisogeza mbele yangu kwa kidole kimoja.

“Wifi,” akasema, taratibu kabisa, “nilikuwepo siku ile. Nilipika, nilicheza, nilipoteza hereni. Naomba uniambie uliolewa na nani.”

Nikasema na kaka yako. Akasema, tazama. Nikatazama. Nikasema ni mwanga wa kamera. Akasema, tazama tena.

Masikio mapana. Nyusi kama brashi za viatu.

Chini ya ngazi cherehani ikalia. Huwa hafungui Jumapili, alifungua. Nikaenda dirishani, wifi nyuma yangu. Mzee akainua kichwa, akatuona, akatupungia mkono. Wifi akamtazama yeye, akaitazama picha, akamtazama yeye.

“Huyu si fundi cherehani?”

Nilidhani atanipiga. Alikaa chini akacheka mpaka akavua viatu. Alicheka akalia, na alipofika kwenye kulia hakurudi haraka. Mimi nikamweleza yote, redio, miraba, pamba, na lile la uso kukataa kuja. Hili la mwisho nililisema nikitazama sakafu.

Akajifuta macho. Kisha akasema albamu hakuninyima kwa ubaya. Naye huifungua kila Jumamosi akifunga duka. Amemlea mdogo wake huyo tangu enzi mama yao akifanya kazi usiku na mchana, na siku hizi nyumba yake ni kimya mno.

Nikamwekea chai. Kikombe ni kile cha Wangu, sina kingine. Alikunywa chote.

Alipoondoka nikakumbuka lori.

Jumanne, tarehe 19 Mei

Njia ya mwongo ni fupi. Wangu amepiga. Kokoto zimeletwa nyingine.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nitasema dereva amebadilisha picha. Nitasema ni mtindo wa kisasa, unamchora mtu atakavyokuwa uzeeni, ishara ya ndoa ya kudumu. Hakunipa nafasi. Alisema waliifungua wote pamoja, kambi nzima imezunguka, hata msimamizi. Kisha mmoja akauliza, huyu nani? Wangu akajibu, ni mkwe wangu, baba wa mke wangu. Wote wakasema mkwe ana sura ya hekima. Msimamizi akasema mzee kama huyo hakosi kudai mahari yake.

Kaongopa kwa ajili yangu mbele ya watu, Wangu wangu! Sukari yangu!

Nikaanza kulia, nikaanza kueleza. Akanikatiza.

“Niliigeuza,” akasema. “Nyuma kuna kiti changu.”

Nikasema samahani, karatasi zilikwisha, hilo lilikuwa zoezi tu. Akasema ameubandika upande huo juu ya kitanda. Ameona waya wake kwenye mguu, alivyousokota, ncha imeangalia nje. Ameona pale juu, pasipo na mtu. Upepo ukapiga kwenye simu. Akasema hakujua kwamba nyumbani kuko hivyo. Angejua asingekuwa ananiuliza nafanya nini, angeniambia yeye anafanya nini: anakula amegeukia ukuta, ili asione wenzake wengi hivyo na mimi simo.

Sikumwelewa sawasawa. Kiti! Nilichokichora bila hata kujitahidi! Ana huruma tu, anataka kunifariji kwa sababu ya ule uso. Nikaona nimempunja. Nikaona lazima nimfidie kwa jambo kubwa.

Akasema nguzo ya pili ya daraja imechelewa, mwezi huu hatapata ruhusa. Akasema, njoo wewe, mama. Njoo unitazame vizuri. Wifi atakusindikiza mpaka stendi. Na mimi nikamwambia nitakuja, na sitakuja mikono mitupu, maana nimekuwa nikimshonea suti.

Suti?

Suti, nikasema. Kwa mkono wangu. Najua kushona tangu shule.

Kimya. Analia tena!

Jumatano, tarehe 20 Mei

Nimemwandikia mwalimu wa redio kumuuliza kama ana kipindi cha ushonaji. Wakati nasubiri jibu nimenunua kitambaa cha kijani, kizuri sana, nikashuka chini ya ngazi. Fundi alifurahi kuniona, akanivutia kigoda kabla sijasema kitu. Ameahidi kunionyesha uzi unaingia upande gani wa sindano. Alipokiona kitambaa alikishika muda mrefu, kisha akasema tukianza kushona tukitundike kwanza mbele kidogo.

Tatizo lilikuwa vipimo. Urefu wa Wangu siujui kwa tarakimu, mabega yake nayajua kwa mashavu yangu tu. Lakini penye nia pana njia. Fundi amekubali nimpime yeye. Nimemzungushia futi kamba, nimeandika kila kitu. Kwa macho yangu wanalingana kabisa.

Wangu, shika kokoto zako vizuri. Kabla mwezi huu haujaisha utaniona nashuka kwenye basi na suti yako mkononi, nami nitakukodolea macho mpaka uone haya.